Aliyesimama Kando ya Rundo

Kwenye ukuta wa hekalu la Ramses III pale Medinet Habu, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile mkabala na Luxor, kuna rundo la mikono. Ni mikono ya Walibya waliouawa vitani katika karne ya 12 kabla ya Kristo, imechongwa kwenye jiwe mmoja baada ya mwingine, vidole vikionekana. Mtu mmoja anamwaga mingine juu yake. Pembeni wamesimama makarani, kalamu mkononi, wanaandika. Mara ya kwanza macho hukimbilia mikono. Ukilitazama jiwe lile mara ya pili yanahamia kwa makarani, na hapo yanaganda.

Karani ndiye anayelifanya rundo lile liwepo. Askari hana kazi na mkono wa maiti: hauliwi, hauvaliwi, hauuziki. Anaukata na kuubeba juani kwa sababu mbele ya safari yupo mtu wa kuuhesabu. Ahmose mwana wa Ebana, askari na baharia aliyeishi karne kadhaa kabla ya Ramses huyo, aliandikisha ndani ya kaburi lake huko Elkab jinsi alivyoleta mkono wa adui, habari zikafikishwa ikulu, naye akatunukiwa dhahabu. Mwaka 2011 wachimbuaji wa mambo ya kale waliokuwa Tell el-Dab'a, kwenye delta ya Nile, walifukua mashimo yenye mikono ya kulia 16 karibu na jumba la kifalme, kwa hiyo wachongaji wa kale hawakuwa wakitia chumvi. Na kwa nini wa kulia? Kila mtu anao mmoja tu, haiwezekani kumhesabu mara mbili. Aliyebuni utaratibu ule alikuwa mhasibu kabla hajawa katili.

Zaidi ya miaka 3,000 baadaye hesabu hiyohiyo ilirudi, safari hii katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908. Askari waliopelekwa vijijini kuwalazimisha watu walete mpira walipewa risasi kwa idadi, na kila risasi iliyotumika ilidaiwa mkono, ili mkubwa ajue haikupotea kwenye mawindo ya nyama. Waliokwisha kuwinda wakakata mikono ya walio hai ili hesabu itimie. Mikono ilijazwa vikapuni na kukaushwa kwa moshi isije ikaoza kabla ya kumfikia ofisa. Roger Casement, aliyekuwa konseli wa Uingereza huko, aliandika mengi ya mambo haya katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904. Kongo hesabu ilitangulia, maiti wakafuata.

Lakini picha iliyowatoa watu machozi Ulaya na Marekani haikuwa ya kikapu. Mwaka huohuo wa 1904, Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha mwanamume mmoja aitwaye Nsala akiwa ameketi barazani, anatazama mkono mmoja na mguu mmoja wa binti yake mdogo, vilivyolazwa mbele yake. Hakuna kingine. Picha ile ilizungushwa kwenye mihadhara, ikaoneshwa ukutani kwa taa ya picha, na watu waliokuwa wamesoma habari za vikapu bila kupoteza usingizi wakaanza kuuliza maswali. Nadhani sababu ni kwamba kikapu kilikuwa kimeshakuwa hesabu, na mbele ya hesabu mtu huuliza tu kama ni sahihi. Mbele ya Nsala hakukuwa na kitu cha kujumlisha.

Nimeanza na mabaya kabisa kwa makusudi. Mtu akishayaona hayo, anaweza kulitazama rundo la forodhani au la gulioni bila kughilibiwa na upole wake.

Chukua kauri. Katikati ya karne ya 19 makampuni ya Hamburg, Hertz kwanza na O'Swald baadaye, yalizinunua Zanzibar na pwani yake na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Kauri huokotwa kwenye miamba maji yakitoka, na ndani yake mna mnyama. Hurundikwa, zikaachwa mpaka nyama ioze, kisha zikaoshwa. Fedha hiyo ilinuka hasa kabla haijafika sokoni! Huko ilikofika, kuihesabu kulikuwa kibarua kamili. Pwani ya Benin kauri 40 zilifanya uzi mmoja, nyuzi 50 zikafanya kichwa cha 2,000, na vichwa 10 vikajaza gunia la 20,000. Katika miji ya Wahausa watu walikaa chini wakizitenga tano tano, saa baada ya saa, kwa ajili ya bei ya ng'ombe au mzigo wa chumvi. Na kwa kuwa za kwetu zilipatikana kwa wingi na kwa bei rahisi kuliko zile ndogo za Maldivi, zilimwagwa kule kwa tani na tani mpaka thamani ikaporomoka. Aliyekuwa ameweka akiba ya uzee wake mitungini akabaki na mitungi ya makombe. Mwenye meli alikwishapata faida yake.

Nasi tunayo lumbesa. Mkulima wa viazi au vitunguu anajaza gunia hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo unajengwa mlima mwingine unaofungwa kwa kamba, na mnunuzi anahesabu: gunia moja. Sheria ya vipimo Tanzania inakataza, viongozi wameikemea mwaka baada ya mwaka, na bado malori yanashuka na magunia yenye vichwa. Wazee waliopima nafaka kwa pishi walikuwa waangalifu zaidi. Walitenganisha pishi ya mfuto, iliyosawazishwa mdomo, na pishi ya shumbi, iliyoachwa na kilima chake, na mnunuzi na muuzaji walijua wanazungumzia ipi. Lumbesa ni shumbi inayolipwa kwa bei ya mfuto. Kile kilima cha juu ni siku kadhaa za jembe ambazo hazimo kwenye daftari la mtu yeyote, na mkulima anavumilia kwa sababu lori likiondoka bila mzigo wake, viazi vitamwozea.

Yapo pia marundo yanayofanya kazi yenyewe. Katika ngome na majumba ya zamani ya Oman kuna chumba kidogo chenye giza ambacho sakafu yake imepigwa chokaa na kutiwa matuta membamba, mstari kwa mstari, na kati ya tuta na tuta pana mfereji. Mifereji yote inainamia upande mmoja, inaingia kwenye mfereji mkuu, nao unamwaga ndani ya mtungi uliofukiwa hadi shingoni. Hii ndiyo madbasa. Tende zilishindiliwa ndani ya makanda ya makuti, na makanda yakapangwa juu ya matuta, safu juu ya safu, mpaka karibu na dari. Mlango ukafungwa. Baada ya hapo hakuna aliyegusa kitu. Uzito wa makanda ya juu ulizikamua tende za chini, joto likasaidia, na asali nyeusi ikatambaa mferejini tone kwa tone. Matuta yalilinyanyua kanda lisikae ndani ya asali yake lenyewe. Hapakuwa na kinu wala ngamia wa kuzunguka nacho. Huko Qal'at al-Bahrain wachimbuaji wameikuta madbasa yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, na mtu aliyeizoea ile ya babu yake huko Nizwa angeitambua mara moja.

Ninalipenda rundo hili kwa sababu akili ya mpangaji haipotei ndani yake. Akipanga ovyo, kanda la pembeni linateleza na asali inakwenda kusikotakiwa. Akipanga vizuri, chumba kinafanya kazi usiku kucha wenyewe wamelala.

Ila wanajeshi nao hawakuiacha madbasa ipumzike. Mnara mkubwa wa mviringo wa ngome ya Nizwa ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif katikati ya karne ya 17. Ngazi zake ni nyembamba na zina kona, kila baada ya hatua chache pana mlango, na juu ya mlango pana tundu. Kwenye tundu hilo, adui aliyefika mlangoni alimwagiwa asali ya tende iliyochemka. Maji ya moto hutiririka yakaanguka chini, asali hunata. Mwana wa Imamu huyo, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu pale Mombasa tangu Machi 1696 na kuitwaa kwa Wareno Desemba 1698.

Tende zenyewe ziliendelea kushuka huku kwa amani muda mrefu baada ya vita hivyo, zikiwa shehena ya majahazi yaliyokuja na kaskazi. Yaliporudi na kusi yalibeba boriti. Biashara hii ni ya kale mno: mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anasema nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanj. Mwaka 1939, Alan Villiers, baharia na mwandishi Mwaustralia, alifika delta ya Rufiji akiwa ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, lililokuja kuchukua mzigo uleule. Ni karibu miaka elfu moja kati ya mashahidi hao wawili.

Miti ya mikoko haikui mahali pazuri. Mkataji anazama matopeni hadi magotini kati ya mizizi inayotoka majini kama mbavu, mbu wamemzunguka, shoka halina nafasi ya kupigwa vizuri. Gogo la mkoko mbichi ni zito kupita umbo lake. Linabebwa begani mpaka kwenye mkondo, linapakiwa mtumbwini, na lazima maji yawe yamejaa, la sivyo mtumbwi haupiti. Ufukoni miti inachambuliwa kwa unene: fito peke yake, pau peke yake, mazio, boriti, nguzo. Kisha inahesabiwa kwa korja, ishirini ishirini. Rundo la boriti lililochambuliwa hivyo linasomeka kwa mbali, na mnunuzi mzoefu hakuhitaji kuambiwa kitu. Anajua hapa mna dari ngapi.

Maana boriti ndiyo iliyokata upana wa chumba. Mti wa mkoko una urefu ambao ukiuzidisha, dari ya mawe na udongo itaupinda. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani Lamu, Zanzibar, Muscat na Kuwait vinakaribiana upana, mita tatu hivi au pungufu, hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa na fedha za kujenga atakavyo. Tajiri aliweza kurefusha chumba, kukipanua hakuweza. Aliyekuwa akitota kwenye matope ya Rufiji alikuwa amempimia mfanyabiashara wa Ghuba chumba chake cha kulala. Mafuta yalipoleta saruji na nondo, kipimo hicho kikafutika, na Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, soko la Ghuba lilikuwa limekwisha kupoa.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na rundo baya zaidi kwa akili, ingawa lilikuwa la unga tu. Huku kwetu ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, barabara zilikuwa matope, kwa hiyo kila gunia lilikwenda kichwani mwa mtu. Sasa piga hesabu. Mpagazi amebeba kilo 25 za chakula, anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, anafikisha kilo tano. Mengine ameyala yeye, na asipoyala hafiki. Ukiusogeza mstari wa mbele siku tatu tu zaidi, hakifiki chochote, labda umtafute mpagazi wa kumbebea mpagazi chakula, naye pia ana tumbo. Ndiyo maana walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na ndiyo maana posho ilikatwa mpaka ikawaua. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria kuhusu waliokufa upande wa Waingereza peke yake yanakaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Magunia yalikuwa na stakabadhi kila kituo. Watu hawakuandikwa kwa uangalifu huo: baada ya vita mishahara mingi ilibaki vitabuni bila mwenyewe, kwa kuwa serikali haikujua huyu ni nani, wa kijiji gani, na kama yu hai. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimekalia maeneo ya kambi zao, na leo zote mbili ni masoko.

Kuna picha maarufu iliyopigwa karibu mwaka 1892 kwenye kiwanda cha Michigan Carbon Works, nje kidogo ya Detroit. Inaonesha mlima wa mafuvu ya nyati wa Amerika, mrefu kuliko nyumba. Mwanamume mmoja aliyevaa suti na kofia amesimama kileleni, mwingine chini. Mafuvu yale yalikuwa yakisubiri kusagwa yawe mbolea na kuchomwa yawe makaa ya mifupa, ambayo viwanda vya sukari viliyatumia kuichuja sukari iwe nyeupe. Nyati waliokuwa mamilioni mwanzoni mwa karne walikuwa wamebaki mamia tu mwishoni mwa miaka ya 1880. Waliouawa waliuawa kwa ngozi, na mara nyingi kwa kufurahiwa na jeshi, lililojua kwamba mbuga zisizo na nyati hazitawalisha Wahindi Wekundu. Mifupa ikabaki imetapakaa nyikani, na waliokwenda kuiokota na kuiuza reli kwa tani walikuwa walowezi maskini na, kwa sehemu, watu walewale waliokuwa wakiishi kwa nyati hao. Hakuna hata mmoja wao pichani. Wale wawili wenye suti hawakuokota fuvu hata moja, lakini ndio tunaowaona, kwa sababu rundo halina kumbukumbu ya njia lilizopitia.

Mifupa ileile iliwahi kurundikwa kwa nia nyingine. Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Saskatchewan, Kanada, watu wa Cree waliipanga mifupa ya nyati kando ya kijito cha Wascana, wakiamini kwamba nyati hawataihama nchi yenye mifupa yao. Mahali hapo pakaitwa kwa jina la mifupa hiyo, mpaka 1882 walipokuja watawala wakapaita Regina, kwa heshima ya Malkia Victoria. Ukiitazama kwa mbali, mirundo hiyo miwili ingefanana: mifupa juu ya mifupa. Wa Wascana haukuwa na mnunuzi, kwa hiyo haukuwa na haja ya kujumlishwa.

Mtu wa pwani hawezi kuitazama picha ya Detroit bila kukumbuka zile za Zanzibar, pembe za ndovu zimelazwa uani kwa mnunuzi, nyingine ndefu kupita watu waliosimama nyuma yake. Ziliuzwa kwa frasila. Nyingi zilikwenda Connecticut, kwenye miji midogo ya Ivoryton na Deep River, zikapasuliwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye vinanda. Ernst Moore, aliyekuwa mnunuzi wa kampuni ya Kimarekani Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, alikuja kuandika kitabu mwaka 1931 akiilaani biashara hiyohiyo iliyomtajirisha. Alichelewa, lakini alisema.

Tarehe 30 Aprili 2016 Kenya ilizichoma tani 105 za pembe kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, baada ya kuzipanga wima zikawa minara. Pembe haishiki moto kwa urahisi. Ilibidi mafuta yasukumwe kwa mabomba, na moto uliendelea kwa siku kadhaa. Botswana ilikataa kushiriki, ikasema kuchoma ni kumwambia mwanakijiji kwamba mnyama wake hana thamani. Tanzania nayo imehifadhi zake ghalani, na mwaka 2010 iliomba ruhusa ya kimataifa kuuza karibu tani 90, ikanyimwa. Mjadala huo haujaisha, na pembe zinaongezeka kila tembo anapokufa kwa uzee au jangili anapokamatwa. Wanaotaka kuuza wanaliona ghala kama hazina iliyolala. Wanaotaka kuchoma wanaliona kama chambo cha wezi. Katika jambo moja tu wanakubaliana bila ubishi: kila pembe ipimwe na kuandikwa namba kwanza.